Falsafa ya Chuoni na Falsafa ya Barazani: Mfano wa Usukuma wa Mashariki

Neno falsafa limeingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, nao Waarabu walilitwaa kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa na maana ya kupenda hekima. Safari hiyo ya neno yatosha kuonyesha kwamba jambo lenyewe si mali ya taifa moja wala ya jengo moja. Hata hivyo, katika Afrika ya Mashariki neno hili limezoea kukaa mahali pa namna mbili: katika seminari kubwa za Kanisa, ambako vijana wanaotaka upadre husoma falsafa kabla ya teolojia, na katika vyuo vikuu. Mkulima akilisikia hudhani kwamba ni elimu ya wenye shahada. Neno hekima analijua, na neno busara analijua; falsafa huwaachia wengine.

Mara kadhaa katika karne ya ishirini watu wenye elimu walijaribu kuitoa falsafa katika vyumba vya masomo na kuitia katika maisha ya watu wote. Jaribio kubwa kuliko yote katika nchi hizi lilifanywa Tanzania, na lilifika hata vijiji vya mbali kabisa na Dar es Salaam. Kulihukumu kwa kutazama vitabu peke yake hakutoshi. Yafaa kutazama nchi moja ambayo lilifika, na kuuliza lilikuta nini huko, lilileta maneno gani, na watu walijibuje.

Nchi hiyo na iwe Usukuma wa mashariki. Ipililo ni kata ya wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu ambao makao yake makuu ni Bariadi. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Maswa na Bariadi zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, na zamani zaidi zilihesabiwa katika Jimbo la Ziwa la Tanganyika. Watu wengi wa huko ni Wasukuma, wakulima wa pamba na nafaka, na wafugaji wa ng'ombe. Mvua ni haba, miti ni michache, na kiangazi ni kirefu. Mtu akitaka kujua kama fikira fulani yaweza kuishi nje ya darasa, nchi kama hiyo ni kipimo cha haki, kwa kuwa haina nafasi ya kulea maneno yasiyofaa kitu.

Kwanza, fikira mpya hazikukuta uwanja mtupu. Kabla ya shule kuenea, kijana wa Kisukuma alifundwa shikome, yaani penye moto wa jioni uliowashwa nje ya nyumba, ambapo wanaume wakubwa kwa wadogo walikaa pamoja baada ya kazi. Hapo habari za ukoo zilisimuliwa, makosa ya mchana yalipimwa, na vitendawili vilitegwa. Mtegaji husema "Kalagu!", nao wenzake huitikia "Kize!", ndipo kitendawili kitolewe. Desturi hiyo ni ndogo, lakini ndani yake mna kanuni kubwa ya mazungumzo: asemaye hana ruhusa ya kuendelea mpaka msikilizaji ameitika, wala kitendawili hakina thamani bila ya mtu wa kukijibu.

Mambo yaliyowahusu wote yalipelekwa katika dagashida, mkutano wa watu wa nchi uliojadili na kuweka kanuni za kuishi pamoja: malisho, maji, wizi wa ng'ombe, adhabu ya mtu aliyekataa kushirikiana na wenzake. Mtemi alikuwapo, lakini hakutawala bila ya banamhala, yaani wazee. Mwanamume aliyekataa kutii kanuni iliyokwisha kubaliwa aliweza kutengwa asipewe hata moto wa kuwashia jiko.

Si haki kuisifu desturi hiyo kupita kiasi. Sauti ya mwanamke ilikuwa ndogo. Umri ulihesabiwa kuwa hoja hata pale ambapo hoja yenyewe haikuwapo. Na mtu aliyeshukiwa uchawi alikuwa na njia chache za kujitetea. Lakini jambo moja lazima likubaliwe: palikuwa na mahali ambapo swali la "yatupasa kuishije?" liliulizwa hadharani, na jibu lake likawa la wote.

Jaribio la Tanzania lilianza na mtu aliyetoka nchi ya jirani. Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika Wazanaki, kaskazini ya Usukuma. Alipokuwa mwanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1943 hadi 1945 aliandika insha iliyozitumia fikira za John Stuart Mill kupima hali ya wanawake wa Kizanaki. Jambo hilo ni dogo, lakini linaonyesha mtindo wake wa tangu mwanzo: kutwaa hoja ya kitabuni na kuiuliza ina maana gani kwa watu wa kwao. Baadaye, kati ya 1949 na 1952, alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na falsafa ya maadili ilikuwa mojawapo ya masomo yake.

Mwezi wa Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu ili apate nafasi ya kukijenga chama cha TANU na kuzungumza na watu. Aprili mwaka huohuo maandishi yake juu ya Ujamaa yalitolewa. Neno lenyewe lilikuwa la zamani. Jamaa ni watu wa nyumba moja au ukoo mmoja, na ujamaa ulikuwa uhusiano wao. Mwandishi hakuunda neno jipya la kutafsiri ule mfumo wa siasa wa Ulaya. Alilichukua neno la nyumbani akalipanua mpaka likachukua taifa zima, na hata wanadamu wote. Hoja yake ilikuwa hii: mtu anayeelewa wajibu wa jamaa ameshaelewa nusu ya falsafa ya siasa, hata kama hajui kusoma.

Katika habari hii lugha ilikuwa nusu ya kazi. Mwaka 1963 Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 ile ya Mabepari wa Venisi, akionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mabishano mazito ya dola, sheria na dhamiri. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitolewa kwa Kiswahili, likafuatwa mwaka huohuo na Elimu ya Kujitegemea, kisha Ujamaa Vijijini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa upande wake, kiliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Hata wanafunzi wenye msimamo mkali walioanzisha jarida lililoitwa Cheche, na ambalo lilifungwa mwaka 1970, walilipa jina la Kiswahili lakini waliliandika kwa Kiingereza. Basi ikatokea hali ya ajabu: mabishano makali zaidi juu ya ujamaa yalifanyika kwa lugha ambayo mjamaa wa kijijini hakuijua, na maelezo aliyoyajua yeye yalikuja kwa lugha ambayo wabishi wa chuoni waliitumia kwa kununulia sokoni.

Nchi ya Ziwa ilikuwa mahali maalum katika kazi ya kueneza maelezo hayo. Kati ya 1968 na 1972 mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO ulifanywa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, na Maswa ilikuwa ndani ya Shinyanga. Mafundisho ya kusoma yaliunganishwa na kazi za watu: kilimo cha pamba, ufugaji, afya, mapishi. Mwaka 1974 gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa Mwanza kwa ajili ya waliokwisha jifunza kusoma. Nchini mote, mwaka 1967 zaidi ya watu wazima 60 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Kufika 1977 walikuwa wamepungua hadi 27.

Pamoja na madarasa palikuwa na redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitayarisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na watu kama milioni 2 walishiriki. Namna yake yastahili kuangaliwa. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kisha kikajadili na kuamua kitendo: kuchimba choo, kusafisha kisima, kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Redio ilisema, lakini neno la mwisho lilikuwa la kikundi. Ingawa somo lilikuwa la mbu na maji machafu, umbo la mkutano lilikuwa lilelile la zamani: msemaji, mwitikio, makubaliano, kazi. Kwa mzee wa Usukuma kikundi hicho hakikuwa kigeni. Kilikuwa shikome iliyowekewa redio.

Ndani ya jaribio hilohilo, hata hivyo, palikuwa na mbegu ya ugonjwa, na maneno yenyewe yaliionyesha mapema. Sehemu ya kwanza ya Azimio la Arusha huitwa "Imani ya TANU", na msemo uliovuma kila mahali ulikuwa kwamba ujamaa ni imani. Imani ni neno la dini. Hoja hujibiwa, lakini imani hukiriwa. Pale ambapo maandishi ya 1962 yalikuwa yakitoa sababu na kumwomba msomaji azipime, msemo wa mitaani ulimtaka msikilizaji aitikie tu. Katika shule, somo lililofundisha fikira hizo liliitwa siasa, na mwanafunzi alilifanyia mtihani. Kutoka hoja hadi imani ilikuwa hatua fupi. Hatua ya pili, kutoka imani hadi amri, ilikuwa fupi zaidi.

Ujamaa Vijijini ulikuwa umesema wazi kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Lazima washawishiwe kwa mfano na maelezo. Miaka sita baadaye, Novemba 1973, Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na chama kilikuwa kimekwisha amua kwamba watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini kabla ya mwisho wa 1976. Ndipo neno jipya likaingia katika lugha ya kila siku, la Kiingereza kwa asili na la kijeshi kwa harufu: operesheni. Mkoa wa Shinyanga ulifanyiwa operesheni yake mwaka 1974. Familia zilihamishwa kutoka katika maboma yaliyotawanyika na kuwekwa katika mistari ya vijiji, mara nyingi mbali na mashamba yao na mbali na malisho.

Matokeo yake katika ardhi yaonyesha, kwa namna isiyobishika, hasara ya kutowauliza watu. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, ili majani yakue na yabaki, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi kikali kwa ajili ya ndama, ng'ombe wadhaifu na wale wa kulimia. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha chuo. Ilikaa katika kanuni, na kanuni zilikaa kwa watu waliojua mipaka ya kila ngitili. Watu walipohamishwa, ngitili nyingi ziliachwa bila ya mwenyewe, zikalishwa na kukatwa ovyo. Tayari nchi ilikuwa imepoteza misitu mingi katika ufyekaji wa zamani wa kupambana na mbung'o na katika upanuzi wa mashamba ya pamba. Sasa ikakosa hata akiba yake ya mwisho. Katika miaka ya 1980 Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Wakati huohuo, ng'ambo ya Ziwa, msomi mwingine alikuwa akifanya safari iliyoelekea upande wa pili. Henry Odera Oruka, Mkenya aliyesoma Uppsala katika Sweden na kufundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1970, hakwenda vijijini kufundisha. Alikwenda kuuliza. Tangu katikati ya miaka ya 1970 yeye na wanafunzi wake waliwatembelea wazee waliosifiwa kwa hekima, wengine wao wasiojua kusoma, wakawahoji juu ya Mungu, uhuru, mema na mabaya, na usawa wa watu, kisha wakayaandika majibu na majina ya waliojibu. Kitabu chake juu ya falsafa ya wenye hekima kilitoka mwaka 1990.

Faida kubwa ya kazi hiyo ni ubaguzi mmoja alioufanya Odera Oruka kati ya wenye hekima wa namna mbili. Wa kwanza ayajua sana mapokeo ya watu wake na aweza kuyaeleza vizuri, lakini hawezi kusimama nje yake. Wa pili ayajua pia, ila huyauliza sababu, na pasipo na sababu huthubutu kuyakataa mbele ya watu wake. Huyu wa pili ndiye mwanafalsafa, awe na shahada au asiwe nayo. Tofauti hiyo ilipata kusikika hata mahakamani. Mwaka 1987, katika kesi mashuhuri ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, mjane na ukoo walipogombania mahali pa kumzika, Odera Oruka aliitwa Nairobi kuwa shahidi mtaalamu wa mila na imani za Wajaluo. Nchi nzima ilifuata mabishano hayo magazetini. Falsafa ilikuwa imetoka chuoni bila ya kutafutiwa njia.

Ubaguzi huo wahitajiwa sana Usukumani, kwa sababu baraza nalo laweza kukosa. Katika miaka ya 1970 na iliyofuata, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilipatwa na balaa la kuuawa kwa wazee, hasa wanawake, walioshukiwa uchawi. Macho mekundu, ambayo kwa kikongwe aliyepika miaka mingi penye moshi si jambo la kushangaza, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la jadi la sungusungu lilianza katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, likafaulu kupunguza wizi wa ng'ombe pale ambapo polisi walikuwa wameshindwa. Lakini katika siku zake za kwanza nalo liliwatesa baadhi ya walioshukiwa uchawi. Huko palikuwa na mkutano, palikuwa na makubaliano, na palikuwa na mapokeo. Alikosekana yule mwenye hekima wa namna ya pili, wa kusimama na kusema kwamba makubaliano ya watu mia hayageuzi macho mekundu kuwa hatia.

Basi hapana budi kukataa majibu mawili mepesi. La kwanza ni kwamba chuo kina fikira na kijiji kina masikio. La pili ni kwamba kijiji kina hekima yote, na msomi hana ila kuinyamazia. Operesheni ya 1974 ilikanusha jibu la kwanza. Vifo vya vikongwe vilikanusha la pili.

Jambo lililofanikiwa zaidi lilikuja baadaye, wala halikuitwa falsafa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa ufupi kuwa HASHI. Mara ya kwanza wataalamu walileta vitalu vya miche na mafundisho, kama ilivyo desturi ya wataalamu. Lakini kadiri walivyozungumza na watu waligundua kwamba dawa ilikuwa imekwisha kuwapo nchini: ngitili. Kazi ikageuka kuwa ya kuuliza, kupima na kukumbusha. Katika miaka ya 1990, huko Meatu, wilaya jirani ya Maswa, hata dagashida ilipata uhai mpya. Watu walikutana kwa desturi yao wakazungumza habari za ardhi, miti na malisho, wakaweka kanuni, na wenyewe wakawa walinzi wa kanuni hizo. Ngitili zikarudi, nyingine za kaya na nyingine za kijiji. HASHI ilipotuzwa tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2002, na mpango ulipokwisha mwaka 2004, eneo lililohesabiwa kuwa limerudishwa halikupungua hekta 300,000 katika mkoa mzima wa Shinyanga wa wakati huo, pamoja na Maswa na Bariadi.

Hata hapo swali la haki halikwisha. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alipata faida zaidi ya ngitili kuliko maskini asiye na malisho, aliyelazimika kununua majani au kuomba. Hiyo si sababu ya kulidharau jambo lenyewe. Ni sababu ya kuendelea kukutana, kwa kuwa kanuni iliyowekwa na watu yaweza kuulizwa na watu walewale, lakini amri iliyotoka mbali haina mlango wa kuulizia.

Kwa wachunguzi wa lugha, habari hii ina fundisho lake. Maneno ya falsafa hayakwenda nje ya chuo kwa kutafsiriwa peke yake. Ujamaa ulikuwa neno zuri sana, lililochaguliwa kwa akili na kwa upendo wa lugha. Lilieleweka Ipililo na Bariadi kama lilivyoeleweka pwani. Halikushindwa kwa ugumu wake. Lilidhoofika pale lilipoacha kuwa hoja likawa imani, na pale imani ilipovaa mavazi ya operesheni. Ngitili na dagashida, maneno ya lugha moja ya bara ambayo kamusi nyingi hazikuyajali, yalirudi na kufanya kazi kwa sababu yalikuja pamoja na mahali pa kuyajibia.

Kwa hiyo kazi ya Chuo katika jambo hili si kueneza maarifa tu, wala si kuyakusanya tu kutoka kwa wazee na kuyahifadhi maktabani. Ni kukaa penye mazungumzo hayo kama mmoja wa wasemaji: kuleta swali ambalo kijiji hakijaliuliza, kama lile la hatia ya kikongwe, na kukubali swali ambalo Chuo hakijalifikiri, kama lile la mipaka ya ngitili. Mtegaji wa kitendawili wa Usukuma aliijua kanuni hiyo tangu zamani. Alisema "Kalagu", akanyamaza, akangoja.